Mafundi wa SSD, acheni kufuta gemu za watu!

Wadau wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na Eldoret, huu mchezo umezidi. Mtu ananunua SSD (diski ya kisasa isiyozunguka, yenye kasi), anaipeleka dukani pamoja na kompyuta yake, anaambiwa: "Gemu haihamishiki. Tunafuta, utadaunilodi upya." Gemu yenyewe GB 90! Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde hizo ni saa 20 mfululizo, na hapo stima isipotee hata mara moja. Anayetumia bando la simu ndiyo basi tena. Halafu bado anatozwa pesa ya kazi. Kazi gani? Diski ya kuzunguka inayosoma MB 100 kwa sekunde inamaliza kunakili GB 90 kwa kama robo saa.

Kwa Steam, programu ya kununua na kuendesha gemu, uongo huu hauna hata pa kujificha. Fungua Settings, ingia Storage, ongeza ile diski mpya, weka alama kwenye gemu, bonyeza Move. Programu inanakili yenyewe na kufuta za zamani ikimaliza. Gemu ikigoma kufunguka baadaye, bofya jina lake kwa kitufe cha kulia cha mausi, nenda Properties, kisha Installed Files, uagize ihakiki faili. Itavuta zilizoharibika tu. Fundi anayesema lazima ufute hajawahi kufungua ukurasa huo, au ameufungua na anajua wewe hujaufungua.

Epic, duka lingine la gemu kama Steam, inataka akili kidogo. Kama toleo lako halina kitufe cha kuhamisha: nakili folda nzima ya gemu iweke pembeni, ondoa gemu ndani ya Epic, anza kuisakinisha upya ukichagua SSD, na ikifika asilimia 2 au 3 isimamishe na ufunge Epic kabisa. Sasa bandika ile folda yako juu ya folda mpya, kubali kubadilisha faili zote, fungua Epic na uendelee. Itakagua kilichopo badala ya kukipakua. Anayeruka hatua ya kufunga Epic ndiye hulalamika kwamba "imeanza sifuri".

Gemu za programu ya Xbox usiziguse kwa mkono. Folda ya WindowsApps imefungwa makusudi, na mafundi wanaojimilikisha folda hiyo kwa nguvu ndio huacha gemu nyingine zote hazifunguki. Nenda kwenye Settings ya Windows, Apps, tafuta gemu, bonyeza vidoti vitatu, Move. Ikiwa diski mpya haikuformatiwa kwa NTFS (mfumo wa kupanga faili wa Windows), haitakubali.

Kinachonichemsha zaidi ni kukata na kubandika. Jamani, nani aliwafundisha? Mnakata folda ya GB 90, stima inapotea katikati, nusu iko huku nusu iko kule, kisha mteja anaambiwa "gemu ilikuwa na virusi". NAKILI kwanza, jaribu gemu, ndipo ufute ya zamani. Kwa folda kubwa tumia dirisha la amri (hapa D ni diski ya zamani, E ni SSD mpya):

robocopy "D:\Gemu\Jina" "E:\Gemu\Jina" /E /R:2 /W:5

Stima ikirudi, rudia amri hiyohiyo. Inaruka faili zilizokamilika na kuendelea na zilizobaki. Na msichomeke SSD ya nje kwenye tundu la USB 2.0 kisha mseme SSD ni mbovu. Tundu hilo linatoa kama MB 35 kwa sekunde, kwa hiyo ile robo saa inakuwa zaidi ya dakika 40.

Ikikwama kwenye faili moja kubwa na kudai nafasi haitoshi ilhali diski ni tupu, angalia mfumo wake wa faili. FAT32, mfumo wa zamani, haipokei faili inayofika GB 4, na gemu za siku hizi zina faili kubwa kuliko hapo. Amri ya convert E: /fs:ntfs inaibadilisha bila kufuta kilichomo. Ikiwa ni exFAT, mfumo mwingine wa faili, amri hiyo haifanyi kazi. Itabidi kuiformati, kwa hiyo ifanyeni ikiwa bado tupu.

Tena, kabla ya kuondoa chochote, okoeni maendeleo ya mchezaji! Mara nyingi hayamo kwenye folda ya gemu. Yako Documents, Saved Games au AppData. Ukiformati diski ya C bila kuyanakili umefuta miezi ya mtu, na hiyo hairudishwi na bando lolote.

Wauzaji nao. Kipande cha M.2 (SSD nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi ya kompyuta) si lazima kiwe NVMe, ile aina ya kasi zaidi. Kuna M.2 ya SATA, muunganisho wa zamani, isiyopita MB 550 kwa sekunde, na NVMe inayopitia muunganisho wa PCIe 3.0 wenye njia nne inayofika kama MB 3,500. Zote zinaweza kuwa na urefu wa milimita 80 na kuonekana sawa kwa macho, lakini tundu la kompyuta linaweza kukubali aina moja tu. Someni lebo na karatasi ya kompyuta kabla ya kuuza, si baada ya mteja kurudi kutoka Siaya na nauli juu. Na acheni kuahidi kwamba SSD "itaondoa lag yote", yaani kukwamakwama kwa gemu. Inafupisha kupakia ramani, na inapunguza kigugumizi kwa gemu zinazovuta mandhari kutoka diski mnapocheza. Starfield ya 2023, kwa mfano, inadai SSD katika masharti yake ya chini kabisa. Lakini fremu kwa sekunde, yaani idadi ya picha gemu inazoonyesha kila sekunde, ni kazi ya kadi ya picha na prosesa. Mwenye kadi ya picha dhaifu atabaki na fremu zake zilezile.

NYONGEZA, kwa ndugu wa Bungoma aliyeuliza kuhusu gemu isiyo na Steam wala Epic: nakili folda, ya zamani ibadilishe jina iwe Jina_zamani, kisha andika amri hii inayoweka kiungo cha kuelekeza kwenye folda mpya

mklink /J "D:\Gemu\Jina" "E:\Gemu\Jina"

Njia ya kwanza ni mahali pa zamani, ya pili ni mahali papya; ukizigeuza itakataa. Gemu itaendelea kudhani iko D. Ila kiungo hicho kinakaa kwenye diski ya zamani, ukiichomoa nacho kimeenda. Kama unaiondoa kabisa, achana na mklink: ingia Disk Management (sehemu ya Windows ya kupanga diski), ipe SSD herufi D baada ya kuitoa ile ya zamani, na folda ikae kwenye njia ileile.