Tupeane uzoefu: Kukua na kupenda kwenye miji midogo ya ng'ombe (Sanya Juu, Longido, Monduli na jirani zake)

Binti wa Mnadani (Moshi)

Wapendwa, habari za muda huu.

Stori nyingi za mapenzi tunazosimuliana ni za watu wa mjini. Wamekutana kwenye daladala, wameachana kwa meseji, kila mtu kashika njia yake. Sisi tuliokulia kwenye miji ya mnada hatukupata nafasi hiyo. Kwetu ukimpenda mtu umejitwisha na ng'ombe wa baba yake, deni la mama yako, ukoo, rika, na jirani anayekuangalia akiwa dukani kwake. Naomba waliopitia huko tuelezane, maana wadogo zetu bado wanakulia kulekule. Naanza mimi.

Nimekulia Sanya Juu. Kwa asiyepajua, unaacha barabara kuu ya Moshi na Arusha pale Boma Ng'ombe, unapanda kuelekea Ngare Nairobi na West Kilimanjaro, kwenye ranchi ya taifa na mashamba makubwa. Ni mji wa Wachagga, Wamasai, Wameru na Wapare, na siku ya mnada wote mnawakuta sehemu moja.

Mama alikuwa na banda la supu pembeni ya zizi la mnada. Nikiwa shule ya msingi kazi yangu ilikuwa kuosha bakuli, kukata ndimu, na kuwapelekea supu madalali, kwa sababu dalali akitoka zizini kidogo tu mteja kashachukuliwa na mwenzake. Dalali mmoja alikuwa anakuja na mwanawe, tuliyelingana umri. Kijana kazi yake ilikuwa kuwapaka rangi ng'ombe waliokwishauzwa wasichanganyike na wengine. Akirudisha bakuli linabaki na alama za vidole vya bluu. Nikirudi kutoka bombani nikiona bluu kwenye bakuli najua alikuja, na siku nzima nakuwa na raha ambayo sikuweza kumwambia mtu.

Tulipofika kidato cha tatu tukawa tunaongea kweli. Hakuna baya tulilofanya. Tulikuwa tunatembea pamoja kutoka shule hadi njia panda, kila mmoja anakata kwao. Lakini mji ule hauna siri. Baba yake alikuwa anakula supu kwa mkopo, na deni lilipokua mama akamdai mbele za watu. Kuanzia hapo akakatazwa kuja bandani na mimi nikakatazwa njia panda. Hiyo ningeivumilia, madeni hulipwa.

Kilichotufunga moja kwa moja ni ndoa ya dada yangu. Aliolewa na mdogo wake yule dalali. Deni lilizungumzwa humohumo kwenye kikao cha mahari likaisha, wazee wakafurahi. Sasa hesabuni wenyewe: dada yangu akawa mama mdogo wa yule kijana, na mimi vilevile. Kwenye sherehe alikuja kunisalimia mbele ya shangazi zake: "Shikamoo, mama mdogo." Nikaitikia marahaba. Tulikuwa bado hatujamaliza shule.

Dada yangu ana ndoa nzuri na sijawahi kumwambia. Ila naumia nikikumbuka kwamba watu wazima walikaa wakapanga yote yale, na hakuna hata mmoja aliyeuliza watoto wale wawili wanaotembea pamoja kila siku wana nini. Nawasilisha. Karibuni.

Mlima Longido

Dada, pole sana. Mimi ni Laizer wa Longido, na wanaoijua Arusha wameshaanza kukisia.

Kwetu majina ya ukoo ndiyo tunayoandikisha shuleni: Laizer, Mollel, Lukumay. Darasani mnaweza kuwa Laizer kumi na msiwe ndugu wa karibu. Nilimpenda binti mmoja Laizer mwenzangu. Tulijua ni kitu cha kuulizia, tukajipa moyo kwamba ukoo ni mkubwa na una milango mingi, yaani matawi. Nilipotoka jandoni likizo ya Desemba nikawa morani, nikarudi bweni nikiwa na masharti yangu, ikiwemo kutokula nyama iliyoonwa na wanawake. Siku ya nyama yeye ndiye aliyekuwa anawaambia wenzake wasogee meza nyingine ili nile. Hajawahi kunicheka kwa hilo hata mara moja. Kwa kijana wa umri ule, kuheshimiwa hivyo na msichana unayempenda ni kitu kikubwa kuliko barua yoyote.

Mama yangu alipokutana naye sokoni alimuuliza swali moja: "Wewe ni Laizer wa nani?" Alipojibu, mama akanyamaza. Mlango mmoja. Usiku ule baba alinieleza kwa upole kabisa, bila fimbo, kwamba yule ni dada yangu na mazungumzo yameishia hapo.

Halafu ukaja ukame wa 2009. Waliokuwa Longido na Monduli mwaka ule hawahitaji kusimuliwa. Ng'ombe walikuwa wanaanguka njiani wakitafutiwa majani, mnyama aliyebaki mifupa hakuna anayemtaka hata kwa bei ya mbuzi. Boma letu lilibaki na mifugo ya kuhesabu. Vijana wengi wa rika langu, Korianga, yaani tuliotahiriwa kipindi kimoja, tulitawanyika. Wengine walikwenda ulinzi Arusha na Dar, wengine kusuka nywele, mimi nikaenda Mirerani kuwa mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanite. Shule iliishia pale. Yeye aliolewa upande wa Namanga.

Sasa fundo lenyewe. Aliyemwoa ni mtu wa rika langu. Kwa mila yetu mwanarika akipita karibu na boma lako analala kwako, na ukimnyima umejiaibisha. Nikienda Namanga kwa biashara ya mbuzi, bwana yule akisikia niko mjini ananifuata mwenyewe. Siwezi kukataa bila sababu, na sababu siwezi kuisema. Kwa hiyo nafika, mkewe, yuleyule niliyempenda, ananiletea chai, tunasalimiana vizuri, na binti yake wa kwanza ananiinamishia kichwa nimguse kama anavyomwinamia baba yake. Mtoto wa mwanarika wangu ni mtoto wangu. Namgusa kichwa, naitikia, na huwa nampa hela ya daftari. Huyu atasoma, hilo mimi na baba yake tumeshakubaliana.

Sitti Kofia

Mlima Longido, hiyo ya meza ya nyama imeniliza. Asante kwa kuandika.

Nanyorri wa Monduli

Mimi yangu haina mapenzi kwa upande wangu, ila ipo ndani ya mada. 2017 nilikuwa kidato cha pili. Nilirudi likizo nikakuta ng'ombe watatu wageni kwenye boma, mmoja mtamba mwenye mimba. Niliuliza ni wa nani. Mdogo wangu wa kiume akajibu bila kufikiri, "Ni wako." Nilidhani nimezawadiwa.

Ilikuwa mahari ya mzee ambaye nilikuwa nampelekea maziwa tangu mtoto, nikimwita baba. Mama hakuthubutu kusema neno mbele ya baba. Alfajiri ya siku ya mnada alinipa nauli iliyokunjwa ndani ya kitambaa cha kibuyu, akaniambia nenda kwa mwalimu wako, usipite njia ya zizini.

Mwalimu yule wa kike alimwita baba shuleni na kumweleza sheria kwa utaratibu. Kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 iliacha mwanya wa msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, lakini Mahakama Kuu ilishasema 2016 kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Na kwamba mwaka huohuo Sheria ya Elimu ilirekebishwa, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anafungwa miaka 30. Baba hakujali mahakama. Alichojali ni hiyo miaka 30, kwa sababu mzee yule alikuwa rafiki yake na asingependa afie jela. Nilibaki shuleni, likizo nikilala kwa mwalimu. Rufaa ya serikali ilipogonga mwamba 2019 nilikuwa kidato cha nne, na mwalimu alinisomea habari ile gazetini mwenyewe, neno kwa neno.

Mzee wa Landisi

Wanangu, nawasoma wote. Naomba msituweke wazee kapu moja.

Mila inasema binti wa mwanarika wangu ni binti yangu, na kumwoa ni mwiko mkubwa. Katazo hilo limewalinda wasichana wengi kabla mahakama hazijafika kwetu. Mimi mwenyewe nilisimama kwenye kikao nikamkatalia mtu mwenye ng'ombe wengi kuliko wetu wote pamoja, kwa sababu baba wa mtoto alikuwa wa rika lake. Alitozwa ng'ombe na akaomba radhi.

Nanyorri, mzee uliyekuwa unamwita baba, kama alikuwa wa rika la baba yako, laigwanani, kiongozi wa kimila, alipaswa kulizuia hilo jambo siku ya kwanza, hata kabla ya mwalimu. Mila ilikuwa upande wako. Waliokuangusha ni watu.

Nanyorri wa Monduli

Shikamoo mzee. Alikuwa rika moja juu ya baba, kwa hiyo walisema hakuna mwiko. Ila nakushukuru kwa kusema.

Mjukuu wa Kihamba

Mimi ni Mchagga, baba yangu alikuwa dereva wa Fuso la ng'ombe, anapakia minada ya huku anapeleka Pugu, Dar. Nyumbani alikuwa anaonekana kwa nadra.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa na rafiki wa kiume wa Boma Ng'ombe. Alikuja nyumbani mchana, akakaa, mama akamletea ndizi. Akamuuliza mama yako anaitwa nani. Kijana akamtaja. Mama aliinuka akaingia jikoni na hakutoka tena mpaka mgeni alipoaga. Kesho yake nilikuwa kwa shangazi Moshi mjini na simu yangu imechukuliwa. Nilipouliza kosa langu niliambiwa, "Utakuja kujua." Nilimchukia mama kwa miaka.

Nilikuja kujua siku tunamzika baba. Mnajua inavyokuwa, msomaji anashika kipaza sauti anasoma wasifu wa marehemu, alizaliwa, alisoma, alifanya kazi, ameacha mjane na watoto. Akasoma majina yetu, nikadhani amemaliza. Akaendelea na jina moja zaidi. Yule kijana alikuwa amesimama nyuma ya hema na mama yake. Watu wote wakageuka kumtazama yeye, mimi nikamtazama mama.

Mama alikuwa anajua na alitaka kunilinda, hilo nimelielewa. Lakini angeniambia ukweli ule mchana wa ndizi, ningelia wiki moja nikapona. Nilichopewa badala yake ni aibu mbele ya kijiji kizima. Wazazi mnaosoma hapa, kama kuna mtoto nje, wanenu wajue kabla hawajaanza kupendana. Miji yetu ni midogo mno kwa siri za namna hiyo.

Siku ya kuanua tanga bibi alimwita katikati, akampa jani la isale, akamwomba radhi kwa niaba ya baba. Alionyeshwa sehemu yake ya kihamba, shamba la ukoo. Ananiita dada. Nami nimeanza kumwita kaka, mwanzoni kwa meseji tu, siku hizi hata ana kwa ana.

Binti wa Mnadani (Moshi)

Nimesoma kwa machozi. Mzee wa Landisi, shikamoo, na asante kwa kutusikiliza. Nanyorri mdogo wangu, naomba kuuliza kama mtoto wa mnadani: wale ng'ombe watatu iliishaje? Walirudishwa?

Nanyorri wa Monduli

Wawili walirudishwa mwezi uleule. Mtamba alikuwa ameshazaa, ndama jike, ndipo ubishi ulipoanza. Mzee anasema mimba ilikuja na mahari yake, baba anasema amelisha na kuogesha joshoni yeye. Baadaye ndama naye akazaa. Mimi namalizia chuo Arusha na kesi ya uzao wa mtamba ule bado iko kwa laigwanani. Wakikutana mnadani wanasalimiana vizuri tu. Mama ndiye anayewakamua, na ada yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye maziwa hayo.