Wakuu naomba ushauri: racheti gani ya bei ya chini inayodumu?

SpanaMkononi (mleta uzi)

Habari za saa hizi wakuu, naomba msaada kwa wenye uzoefu na vifaa. Nina gari dogo nalihudumia mwenyewe, kumwaga oili, plagi, brekipedi, betri, mara mojamoja natoa alternata, kazi za kawaida tu sio za gereji. Racheti niliyonayo, yaani ule mpini wa kuzungushia soketi, ilikuja kwenye boksi la vifaa vya bei rahisi na sasa imeanza kuruka, yaani unavuta inashika vizuri, nati ikianza kukaza unasikia krak na mkono unapita mtupu, juzi imenichuna vidole kwenye fremu ya redieta. Soketi zenyewe bado nzima kwahiyo sitaki seti, nataka racheti moja tu ya maana.

Nimejaribu kusoma mwenyewe nikachanganyikiwa zaidi, huyu anasema meno 72, huyu 90, mwingine anakwambia za zamani zenye meno machache ndio chuma. Alafu kuna 1/4, 3/8, 1/2 (inchi za ule mraba unaoingia kwenye soketi), kuna zenye kitufe, kuna za shingo inayokunja. Bajeti ni ndogo kweli, zile za mafundi wakubwa siziwezi. Kama hela inatosha moja tu nichukue ipi, na nikiishika dukani niangalie nini?

Fundi_Mkongwe

Pole kwa vidole mkuu. Hiyo iweke pembeni leo hii, ikishaanza kuruka haitabiriki tena. Ila usiitupe, ifungue kwanza. Ndani mle hamna maajabu, kuna gurudumu lenye meno, kuna ulimi mmoja au mbili unaong'ata hayo meno, na kuna springi inayousukuma ulimi ukae. Inaruka kwa moja kati ya mawili, aidha ncha za ulimi na meno zimelika zikawa butu, au ndani kumejaa uchafu na grisi iliyokauka mpaka ulimi haurudi kukaa vizuri. Hilo la pili linatibika kwa mafuta ya taa na mswaki, la kwanza bila spea hamna dawa.

Na hapo ndo ushauri wangu mkubwa ulipo: nunua inayofunguka. Igeuze uangalie mgongo wa kichwa, ukiona skrubu mbili au sakilipu (pete ya chuma inayobana kifuniko) jua ipo siku utaifungua uisafishe, ukiona kifuniko kimebanwa moja kwa moja kwa rivet basi ikifa imekufa. Kuna kampuni zinauza seti ya spea za matengenezo, gurudumu, ulimi na springi, bei yake ni ndogo kuliko racheti mpya. Mtu wa bajeti ndogo aulize hilo kabla hajauliza meno mangapi. Saizi chukua 3/8.

KutuSugu

Mzee 3/8 kwa gari? Nati za tairi atazifungua na nini? Mimi namshauri achukue 1/2 moja kwa moja, chuma kinene, mkono mrefu, amalize habari. 3/8 nimeona zinavunjika kila siku.

Fundi_Mkongwe

@KutuSugu zinavunjika kwa sababu watu wanazivalisha bomba wanasimama juu yake. Kulegeza nati iliyoshika kutu sio kazi ya racheti ya saizi yoyote ile, hiyo ni kazi ya breka baa, ule mpini mrefu usio na meno ndani, kichwa kinakunja tu. Hauna ulimi wala springi, kwahiyo hamna cha kuruka, na bei yake iko chini maana hamna mashine ndani. Nati ikishalegea ndo unashika racheti unamalizia kwa raha.

Piga hesabu mwenyewe. Racheti ya 3/8 ya sentimita 20, ukivuta kwa nguvu ya kama kilo 30 unapata Nm 60 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Breka baa ya 1/2 yenye sentimita 60 kwa nguvu ileile ni kama Nm 180, na nati nyingi za tairi za gari dogo zinakazwa kati ya Nm 100 na 130. Sasa mtu wa kilo 70 akiweka bomba kwenye 3/8 mpaka ifike sentimita 60 alafu asimame hapo, anaipiga zaidi ya Nm 400, na kwenye kipimo cha ISO 3315, kiwango cha kimataifa, racheti ya 3/8 inatakiwa ihimili kama Nm 200. Itapasuka, na haitachagua ni ya bei rahisi au ya ghali.

Kwahiyo mleta uzi gawa hela mara mbili: racheti ya 3/8 ya wastani, na breka baa ya 1/2. Ukifanya hivo hata racheti isiyo na jina kubwa itakaa miaka, kwa sababu hauipi mateso.

DadaWaPikipiki

Naunga mkono 3/8. Mie nahudumia pikipiki na injini yake muda mwingi iko kwenye bolti za kichwa cha milimita 8, 10 na 12, racheti ya 1/2 kule ni hatari tupu, ni nzito mpaka hausikii bolti ndogo inavyokaza, unashtuka uzi wa alumini umeng'oka. Kwa kazi zangu hata 1/4 inanitosha sehemu kubwa, ila yeye mwenye gari 3/8 ndo katikati, plagi inafungua, brekipedi inafungua, alternata inafungua.

Kuhusu meno ngoja nimsaidie aelewe kwa mkono. Gawa 360 kwa idadi ya meno, unapata nyuzi ambazo lazima usogeze ili lishike jino linalofuata. Meno 24 ni nyuzi 15, meno 36 ni nyuzi 10, meno 72 ni nyuzi 5, 90 ni nyuzi 4. Sasa kwenye racheti ya sentimita 20 nyuzi 15 maana yake mwisho wa mkono unasogea zaidi ya sentimita 5 kabla hujasikia klik, nyuzi 5 ni chini ya sentimita 2. Ukiwa nyuma ya injini, bomba huku waya huku, hizo sentimita 3 za katikati ndo zinaamua bolti inatoka au unaanza kutoa na vitu vingine ili upate nafasi. Lakini toka 72 kwenda 90 unaokoa nyuzi moja, hiyo mimi sitoi hela ya ziada kwa ajili yake.

Kitu ambacho watu hawakipimi kabisa ni wepesi wa kurudi nyuma. Chomeka soketi ndogo, ishike kwa vidole viwili tu kwa ulegevu, alafu zungusha mkono wa racheti kwa kurudi. Kama soketi inabaki imetulia na unasikia tiktiktik, safi. Kama inazunguka pamoja na racheti ikikuponyoka vidoleni, hiyo hata iwe na meno 120 itakutesa, maana bolti ikishalegea inakuwa haina ukinzani, utakuwa unaifungua ukienda na kuifunga ukirudi, utaishia kuizungusha kwa mkono.

KutuSugu

Hapo kwa breka baa nimekubali, nilikuwa nafikiria chombo kimoja cha kufanya vyote. Ila kwenye meno bado, jino likiwa dogo si ndo rahisi kukatika? Zile za meno 24 za zamani jino lake unaliona kabisa kwa macho.

ChumaNaMoto

@KutuSugu wasiwasi wako una msingi ila haujaisha hapo. Jino moja dogo ni dhaifu kuliko jino moja kubwa, kweli, lakini mzigo haubebwi na jino moja. Ulimi wa racheti za meno mengi umetengenezwa mpana, unang'ata meno kadhaa kwa mpigo, mzigo unagawanyika. Nyingine zinaweka ndimi mbili zinazopishana, ndo maana utakuta imeandikwa hatua 120 wakati gurudumu lenyewe lina meno 60, ulimi mmoja unashika na mwingine uko nusu ya jino. Inafanya kazi vizuri, ila hapo usahihi wa kiwandani ndo kila kitu, na kwenye vitu vya bei ya chini sana usahihi ndo wa kwanza kukatwa. Kwahiyo sheria yangu mimi kwa mtu wa hela ndogo: kadri bei inavyoshuka ndivyo ukimbie meno mengi. Ya bei ya chini yenye meno 36 au 48 ina nafasi kubwa ya kudumu kuliko ya bei hiyohiyo inayojisifu 90. Ukipanda kidogo kwenye bei ya kati, 72 ni salama.

Alafu usidanganyike na maandishi ya Cr-V. Kromu vanadiamu ni chuma kizuri kwa vifaa vya mkono, ila herufi yoyote mtu anaweza kugonga kwenye chuma chochote, na hata kama ni kweli, kilichochomwa na kupozwa vibaya bado ni laini. Mimi natafuta namba ya kiwango, DIN 3122 au ISO 3315, na natafuta jina la kampuni ambayo naweza kuipata kesho nikihitaji kuulizia spea. Na uangalie kile kipande cha mraba kinachoingia kwenye soketi, kingo zake ziwe kali na sawa pande zote, pambo la kromu lisiwe na mapovu wala limeanza kubanduka kwenye kona. Tikisa kichwa kwa kushika huo mraba, mchezo mdogo ni kawaida, ila kikicheza sana pande zote iache hapohapo.

SpanaMkononi (mleta uzi)

Aisee nimejifunza vingi kwa muda mfupi, asanteni sana. Nimefungua ile ya kwangu kama mzee alivyosema. Ilikuwa na sakilipu kumbe, nimeitoa ndani ya mfuko wa nailoni ili springi isirukie mbali. Grisi ilikuwa nyeusi imekauka kama gundi, nimesafisha, ila ncha ya ulimi upande wa kukaza naona imelika kabisa inang'aa, upande wa kulegeza bado kali. Spea yake haipo, hata jina la kampuni halijaandikwa popote.

Maswali mawili ya mwisho. Kitufe cha kuachia soketi ni cha lazima? Na shingo inayokunja?

Fundi_Mkongwe

Basi jibu umelipata, upande wa kukaza ndo ulikuwa unakuruka. Tena inakuonyesha kitu, wewe ulikuwa unatumia hiyo racheti kukazia mpaka mwisho. Kukaza kwa mwisho kama kazi ina kipimo, plagi au nati za tairi, tumia torki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, hata ya kuazima. Plagi nyingi za gari ni kati ya Nm 20 na 30 tu, mkono wa mtu mzima unazidisha bila kujua.

Kitufe sio lazima ila kinasaidia ukiwa na mikono ya oili, soketi inashikwa kweli haidondoki ndani ya injini, na kuitoa ni kubonyeza tu badala ya kuvutana nayo. Shingo ya kukunja kwa racheti ya kwanza na ya pekee achana nayo, ile pini ya kwenye shingo ni sehemu nyingine ya kulegea, hela yake weka kwenye ekstensheni mbili (vipande vya kurefusha kati ya racheti na soketi), fupi na ndefu, utafika kulekule.

KutuSugu

Niongezee hapo kwenye soketi maana umesema zako nzima. Angalia kama ni za pembe 6 au 12. Za pembe 12 zinaingia haraka ila kwenye nati yenye kutu zinakula kona. Hizo saizi unazotumia sana, 10, 12, 14 kama gari lako ni la Japani, au 10, 13, 16, 17 kama ni la Ulaya, tafuta hata mojamoja za pembe 6. Watu wanalaumu racheti wakati soketi ndo inateleza. Na zile za kromu zinazong'aa usiziweke kwenye mashine ya kufungulia kwa mapigo, zinaweza kupasuka zikakurukia, mashine ina soketi zake nyeusi.

DadaWaPikipiki

Na kama bei ya mpya inakushinda usiogope iliyotumika ya kampuni inayoeleweka, mimi moja nimeipata hivo. Ijaribu pande zote mbili, badilisha swichi, alafu shika kichwa kwa nguvu kwa mkono mmoja uvute kwa mwingine mara nyingi ukiizungusha kidogokidogo ipite kwenye meno yote, maana huwa yanalika upande mmoja tu wa gurudumu, ukijaribu sehemu moja hautagundua. Swichi iwe inakaa, isijigeuze yenyewe ukiigusa na kidole.

SpanaMkononi (mleta uzi)

Nimeelewa. Naenda na 3/8 ya meno 72 yenye skrubu mgongoni, bei ya kati, breka baa ya 1/2 ya sentimita 60, na kiadapta cha kutoka 1/2 kwenda 3/8 ili soketi zangu ziingie. Hiyo mpya nikiipata niiwekee grisi gani, hii ya bearingi ninayo nyingi?

ChumaNaMoto

Hiyo ya bearingi ni nzito mno, inaushika ulimi unachelewa kurudi, hasa baridi, na racheti mpya itaanza kuruka kama ya zamani. Weka oili nyepesi matone machache au grisi laini sana, upake kwa ncha ya kijiti juu ya meno tu, usijaze kichwa. Na kiadapta hicho kuwa nacho makini, breka baa ya 1/2 ikipitia kwenye mraba wa 3/8 kikomo chako ni cha 3/8 bado, kwahiyo kwa nati za tairi nunua soketi moja ya 1/2 ya saizi ya nati zako, kiadapta kibaki kwa bolti za kawaida.