Naomba ushauri: mwenyekiti na mweka hazina ni mume na mke

Hamjambo wakubwa. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo hapa Nyalenda, Kisumu, kinacholipia watoto karo ya sekondari. Tulisajiliwa kama kikundi cha jamii. Sasa tunataka kuhamia sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, ile iliyoanza kutumika Mei 2024. Shida ni uongozi. Mwenyekiti ndiye mwanzilishi, mkewe ndiye mweka hazina, na hundi zote wanatia sahihi wao wawili. Hawajaiba, nasema ukweli. Lakini mfadhili gani atakubali hivyo? Mzee ni rika la babangu, na karo yangu mimi aliilipa yeye. Nimwambieje bila kuonekana mtovu wa shukrani? Nianzie kwa mkewe, au nilete hoja mkutanoni?