Redio ya babu haishiki waifai

Dada (Muscat): Asalaam alaykum nyote. Jamani nisaidieni, redio ya babu, ile ya intaneti, tangu waje kubadilisha ruta (kile kisanduku cha kurushia waifai) jumanne haishiki waifai, simu zetu zinashika tivi inashika hiyo redio tu ndo haitaki, leo siku ya nne babu hajasikia matangazo ya vifo na kila akimaliza kusali ananiuliza mmetengeneza?

Shangazi (Fuoni): Waalaykum salaam mwanangu. Si umpe simu asikilize humo, redio ya Zanzibar si inapatikana kwenye intaneti

Dada: Nimempa shangazi. Macho hayaoni tena vizuri, anagusa huku inazima anagusa kule inapiga mtu, mwisho kaniwekea simu mezani kimya kimya nikaona kasononeka. Redio ile ina kitufe cha kuzungusha anakijua kwa kidole, anaiwasha mwenyewe na sauti anapandisha mwenyewe haombi mtu. Mie nataka aipate hivyo hivyo

Shangazi: Kweli. Na rika lake ndo hao wanaotangazwa sasa, asiposikia hapo atajuaje nani kazikwa

Kaka (Dar): Waalaykum salaam, nilikuwa kazini. Dada usiiresti redio kwanza, stesheni alizohifadhi zitafutika zote. Ingia menyu ya mtandao, itafute waifai halafu nambie unaona majina gani

Dada: 📷 Matano, yote ya majirani!! La kwetu halimo. Na kwenye simu nnaliona hili hapa limejaa kabisa

Kaka: Basi redio nzima hiyo, ingekufa isingeona za majirani. Waifai ina masafa mawili, giga 2.4 na giga 5. Redio nyingi za namna hiyo zinashika ya 2.4 tu, ya 5 haziyaoni, simu inaona yote mawili ndo maana nyie hamkuhisi kitu. Nadhani ruta mpya inarusha 5 peke yake

Ami (Seeb): Au kuta? Chumba cha mzee cha mwisho kule na kuta za nyumba ile nene

Kaka: Shkamoo ami. Kuta zinapunguza kweli, tena 5 ndo inachoka mapema kuliko 2.4. Dada hebu isogeze redio karibu na ruta tujue

Dada: Nimeiweka meza moja na ruta. Bado halipo

Ami: Marhaba. Basi si kuta

Kaka: Washa hotspoti ya simu, yaani simu igawe intaneti yake kama ruta, kwenye setingi zake chagua 2.4. Redio ikishika hapo, kosa liko kwenye ruta

Shangazi: Bando lake si litaisha

Kaka: Haili sana shangazi, stesheni ya kilobiti 128 inakula kama MB 58 kwa saa nzima, sisi tunajaribu dakika 5 hazifiki hata MB 5

Dada: IMESHIKA. Inapiga taarabu!! Babu katoka chumbani na bakora yake anauliza ishapona

Kaka: Mwambie astahamili kidogo. Zima hotspoti, igeuze ruta chini kuna stika ina anwani, mara nyingi 192.168.1.1, iandike kwenye brauza ya simu, na neno la siri la kuingilia lipo hapo hapo kwenye stika

Dada: Nimeingia, kiarabu kitupu lakini naelewa. 2.4 imezimwa 😳

Kaka: Iwashe, ipe jina mbali na lile la 5 usichanganye. Kwenye aina ya ulinzi wa waifai weka WPA2, ukiacha WPA3 ile mpya peke yake redio ya miaka hiyo haitaingia

Dada: Jina limetokea. Sasa inasema neno la siri si sahihi, mara ya tatu hii, kuchagua herufi moja moja kwa kile kitufe mpaka kidole kinauma

Kaka: Pole. Angalia herufi kubwa na ndogo, na kama kuna O hakikisha si sifuri

Dada: Ilikuwa sifuri wallahi. Imeunganika lakini haipigi, ikifika kutafuta stesheni inaganda

Kaka: Nenda menyu ya mtandao usome anwani yake

Dada: 169.254 halafu nambari nyingine

Kaka: Hiyo redio kajipa mwenyewe, kaiomba ruta anwani hakujibiwa. Zima vyote viwili. Washa ruta peke yake usubiri dakika 3 taa zitulie, ndo uwashe redio

Ami: Tupo hapa tunasubiri

Dada: Sasa 192.168.1.14

Kaka: Ishapata hiyo. Mrejeshee chumbani kwake tuone kama inafika

Dada: Inafika!! Stesheni zake zote zipo. Kakaa kitandani kaiweka pajani anazungusha

Shangazi: Alhamdulillah. Mpe simu nimsalimie

Dada: Shangazi subiri kidogo, matangazo yameanza kusomwa kanyoosha mkono tunyamaze. Kuna mtu wa Makunduchi anamjua, kaniambia shika kalamu uandike maziko saa ngapi