Naombeni ushauri: babu aliletwa Tanga kama manamba, tunatafuta kwao wakati mama bado yupo

Mjukuu wa Muheza:
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba mnisomee hadi mwisho, jambo hili linaninyima usingizi.

Babu mzaa mama aliletwa Tanga kukata mkonge kama kibarua wa mkataba, ndio hao manamba, kwa hesabu za mama ni kati ya 1948 na 1950. Akamuoa bibi, Mbondei wa hapa hapa Muheza, akasilimu, akaitwa Rashidi. Hakurudi kwao hata siku moja. Ukimuuliza kwao wapi anajibu "bara, mbali", basi. Alifariki 1987.

Sanduku lake la bati tunalo. Ndani kuna kipande kimoja cha kazi, ile kadi ya kuhesabia siku, miraba thelathini, ishirini na miwili imegongwa muhuri na minane mitupu. Jina la baba yake limeandikwa kwa penseli. Sitaliweka lote hapa, linaanza na Bi- na kuishia na -ho, na katikati kuna herufi iliyofifia, sijui ni L au R. Chini kabisa, ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo, kuna medali ndogo ya Bikira Maria. Babu tuliyemjua hakukosa swala tano. Mama hajui medali hiyo ilitoka wapi. Anachokumbuka ni kwamba babu alipozidiwa, siku mbili za mwisho, alikuwa akiita "data, data". Waliokuwepo walidhani anaweweseka.

Mwaka jana binamu yangu aliyeko Canada, binti wa mjomba, alipima DNA ya mate. Majibu yakasema asili yake kubwa ni Waluhya wa Kenya, na kuna bwana mmoja anayeishi Ubelgiji wanalingana sentimogani 118 (ndicho kipimo cha DNA wanayochangia). Amemwandikia, hajajibiwa.

Mama alizaliwa 1954, ana presha na sukari. Mjomba hataki kusikia habari hizi, anasema tukionekana Warundi tutanyang'anywa vitambulisho. Nifanyeje? Hiyo 118 ni ndugu wa namna gani? Na makaratasi ya mashamba ya mkonge yanapatikana wapi?

Mpima Damu:
Pole na hongera, mkuu. Nianze na hao Waluhya, ili msipoteze nauli kwenda Kakamega. Kampuni hizi hulinganisha mate yako na sampuli za watu wachache walionao kwenye hazina. Waluhya wa Webuye walichukuliwa sampuli mapema na kuwekwa kwenye hazina ya wazi inayotumiwa na watafiti dunia nzima, kwa hiyo Wabantu wengi wa ukanda wetu huangukia hapo kwa kukosa kundi lililo karibu zaidi nao. Asilimia za kabila zisikuongoze. Kinachokuongoza ni yule bwana wa Ubelgiji.

Wajukuu wa ndugu wawili wa tumbo moja kwa wastani hulingana kama sentimogani 230. Ikiwa ni 118, huenda yeye ni mtoto wa mjukuu wa kaka au dada wa babu. Au, na hili kwetu ni la kawaida sana, babu yako na babu yake walikuwa baba mmoja, mama mbalimbali. Lakini kabla ya yote: binamu yako ana mama yake pia! Huyo bwana anaweza kuwa ndugu wa upande wa mke wa mjomba, na nyie mkahangaika bure.

Ndiyo maana nasema mpimeni mama kwanza. Yeye amebeba nusu kamili ya babu, wewe kama robo tu. Bwana yule akitokea na kwa mama, tena kwa namba kubwa zaidi, hapo mnajua anaingia kwa babu au bibi. Halafu kuna kromosomu Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume peke yake. Ya babu anayo mjomba na wanawe wa kiume. Wewe huna, ya kwako umeitoa kwa baba yako.

Tahadhari mbili. Kwanza, msitume kopo la mate kwa posta kimyakimya. Tuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na kusafirisha sampuli nje kuna taratibu zake. Waulizeni Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Pili, mama aelezwe na akubali mwenyewe, maana taarifa hizi zikitoka hazirudi. 23andMe, kampuni ya kupima DNA ya mate, ilidukuliwa 2023, taarifa za watu karibu milioni 7 zikachukuliwa, na Machi 2025 kampuni yenyewe ikaomba kinga ya kufilisika.

Karani Mstaafu:
Nimefanya kazi ya masijala miaka mingi, nikuambie ukweli ili usikate tamaa baadaye. Kuanzia 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, ndiyo iliyosomba watu kutoka Kigoma, Songea na hata nje ya mipaka. Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam zina majalada ya kazi ya wakati ule, lakini mengi utakuta idadi: wamefika wangapi, wametoroka wangapi, wameugua wangapi. Majina ya mtu mmoja mmoja yalikaa shambani, na baada ya mashamba mengi kutaifishwa 1967 vitabu vingi viliachwa bila mtu wa kuvitunza.

Kwa hiyo karatasi yako kubwa ni hicho kipande. Kipige picha mchana, kwenye mwanga wa pembeni, siyo flashi. Penseli iliyofifia huacha mfereji, kivuli kitaionyesha ile herufi. Geuza na upande wa nyuma. Na usikipeleke kwenye laminesheni, nakusihi, nimeona vyeti vingapi vimeharibika kwa njia hiyo.

Jambo jingine. Reli ya kati na ya Tanga hazikuunganishwa hadi 1963. Aliyetoka Kigoma kabla ya hapo alishuka treni njiani akapandishwa lori. Muulize mama kama babu aliwahi kusimulia lori.

Nyamaume:
Mzee alinyamaza karibu miaka arobaini. Huenda aliacha mke na watoto huko. Mwacheni apumzike.

Mjukuu wa Muheza:
Nimelifikiria hilo, ndugu yangu. Kama wapo, ni kaka na dada za mama, na labda wao pia wanauliza baba alikwenda wapi.

Mama Twaha:
Mwanangu, mimi nagusa hofu ya mjomba wako tu, maana siyo ya kuchekwa. Watu wamesumbuliwa kwa majina yao. Lakini soma sheria: tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa Tanganyika na mzazi wake mmoja naye akazaliwa Tanganyika, alikuwa raia siku hiyo hiyo. Mama yako kazaliwa Muheza 1954, bibi yako Mbondei wa Muheza. Na mjomba, akiwa kazaliwa kabla ya siku hiyo, yuko vivyo hivyo. Babu angetoka Urundi au angetoka mwezini, wao walikuwa raia kupitia mama yao. Mkalie chini, mwoneshe, wala usimpime kwa hila.

Muha wa Makere:
Nimesoma hadi machozi yamenitoka. Mkuu, "data" ni "baba yangu". Ndivyo tunavyosema sisi Waha, na Warundi na Wanyarwanda vilevile. Babu yako hakuwa anaweweseka, alikuwa anamwita baba yake.

Jina la Bi- na -ho nalo ni la kwetu, ila liko pande zote za mpaka, halikati shauri. Medali ndiyo ya kushika. Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walibatiza sana Buha, nchi yetu Waha, na Urundi, na vitabu vyao vya ubatizo, kwa Kilatini, vinaandika jina la mtoto, baba, mama, kijiji na msimamizi. Akiwa alibatizwa, jina lake la Kikristo halikuwa Rashidi, kwa hiyo mtafute kwa jina la baba. Mimi naweza kwenda parokia ya Kabanga, siyo mbali na hapa Kasulu, Kigoma. Ila nipunguzieni eneo. Msomee mama majina haya ya tawala za zamani za Buha polepole, umuulize kama aliwahi kusikia lolote: Heru, Ruguru, Muhambwe, Buyungu.

Mjukuu wa Muheza:
Nimerudi. Nimemsomea mama jana baada ya magharibi. Heru akanyamaza, nikaendelea, nikafika Buyungu, akasema rudia la kwanza.

Kila Idi, wakishamaliza kula, babu alikuwa anasukuma sahani na kusema "kwetu Heru". Wao walisikia "kwetu kheri", wakawa wanaitikia "amina". Mama kaomba nimwekee simu irekodi, kaongea saa nzima, na lori lipo humo. Mjomba alikuwa mlangoni anasikiliza. Hajasema kitu, ila leo asubuhi ameniomba nimwoneshe ile medali.

Muha wa Makere, nakutumia jina la baba yake faraghani. Herufi ni L.