Koni au fulana: kipi kinalinda vizuri zaidi mshono wa mbwa aliyekatwa mguu?

Mkazi wa Ipagala
Habari zenu ndugu. Mbwa wetu aligongwa na bodaboda, na daktari wa mifugo amelazimika kumkata mguu wa mbele hadi begani. Amerudi na koni ya plastiki shingoni, ya kumzuia asilambe mshono, lakini kila akiinamisha kichwa ukingo wake hukwama chini naye hupepesuka, kwa kuwa upande huo hana tena cha kujizuilia. Je, niendelee na koni, nimvalishe fulana au nimfunge bandeji?

Mfugaji wa Nzuguni
Pole sana, ndugu. Kwa mguu wa mbele mimi ningechagua fulana ya pamba ya mtoto, hizi za mitumba za soko la Sabasaba hapa Dodoma. Mkono uliobaki mtupu unaukunja na kuushona mbali na kidonda ili asiukanyage, na upande wa tumbo unaukusanya juu ya mgongo kwa mpira wa nywele. Kwa upepo wetu huu wa Julai, fulana huzuia vumbi na nzi, kazi ambayo koni haiifanyi kabisa. Uwe na mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe.

Dada wa Kikuyu
Naomba nitofautiane kidogo na kaka wa Nzuguni. Fulana haizuii meno: mbwa mkaidi hulamba juu ya kitambaa mpaka kikalowa, na unyevu ukikaa juu ya mshono ni hatari kuliko vumbi lenyewe. Fulana iwe ya mchana, mtu akiwa karibu. Usiku, au mkitoka wote, arudishiwe koni. Ukingo wake uipite pua kidogo tu, na vidole viwili vipenye shingoni. Ikizidi urefu ndipo hukwama kama ulivyoeleza. Bakuli liinuliwe juu ya tofali. Bandeji mwachie daktari, maana begani huteleza, na ikikazwa huzuia damu.

Mzee wa Mkonze
Angekuwa amekatwa mguu wa nyuma, fulana isingefika kwenye kidonda, na ule mto wa duara wa shingoni unaovalishwa badala ya koni haumzuii mbwa mwenye pua ndefu. Jambo mnalolisahau ni vigae vya sakafuni: akiteleza na kuangukia bega, mshono unaweza kufumuka hata akiwa na koni nzuri namna gani. Tandika zulia lenye mpira chini. Mkeka mtupu nao huteleza. Tena usimpake spiriti, wala usimpe panadol au dawa yoyote ya maumivu ya binadamu.

Mkazi wa Ipagala
Nawashukuru sana. Chini ya mshono pameanza uvimbe laini. Niukande kwa maji ya moto?

Dada wa Kikuyu
Hapana, wala usiuminye au kuutoboa. Uvimbe laini usio na joto mara nyingi ni majimaji yaliyojikusanya, ambayo mwili huyanyonya taratibu. Mtumie daktari picha leo. Ukiona usaha, harufu, joto au mbwa amekataa kula, mpeleke siku hiyo hiyo, usingoje siku ya kutoa nyuzi, ambayo kwa kawaida huwa kati ya siku ya 10 na ya 14.