Hex bila kubadili upande ni wizi, halafu app inaandika SARE!!

Wakuu heshima kwenu. Leo nina hasira na nitaandika kirefu, asiyecheza Hex, ule mchezo wa ubao wa kuunganisha kingo mbili kwa kete, apite tu au asome aone watu tunavyopigwa mchana kweupe.

Kuna app moja, jina silitaji ila wanaoicheza wanaijua, tunalipia kila mwezi tucheze mechi za pointi. Juzi wakaleta apdeti wakaondoa kubadili upande, eti inawachanganya wachezaji wapya. Inawachanganya nini sasa? Wa kwanza anaweka kete, wa pili anaiangalia, akiona ni kali anaichukua iwe yake, basi mechi inaendelea. Ni yale yale ya mama na chapati moja, mmoja akate mwenzie achague. Mtoto wa miaka mitano anaelewa, mtu mzima na simu yake ashindwe?

Kwa wasiojua, ubao una vyumba vya pembe sita, 11 kwa 11, mwekundu anaunganisha juu na chini, bluu anaunganisha kushoto na kulia, mnapeana zamu kete moja moja na ikishawekwa haisogei wala hailiwi. Ndo hivyo tu. Piet Hein wa Denmark aliutoa kwenye gazeti la Politiken mwaka 1942, miaka michache baadae mwanahesabu John Nash akaubuni kivyake kule chuo cha Princeton, Marekani, na Nash huyo huyo akathibitisha kwamba anayeanza akicheza bila kukosea lazima ashinde. Maana kete ya ziada kwenye Hex haijawahi kumdhuru mtu, kwa hiyo kama wa pili angekuwa na mbinu ya uhakika, wa kwanza si angetupa kete popote halafu akajifanya yeye ndo wa pili akaitumia hiyo hiyo mbinu? Njia yenyewe kwa ubao wa 11 hakuna aliyeimaliza, lakini huhitaji kuijua yote, weka tu pale katikati F6 uone raha.

Jana nimepangiwa jamaa ambaye kwa pointi namwacha mbali sana. Kaanza F6. Zamani ile kete ningeibeba hata hajatoa kidole kwenye simu. Sasa hivi nifanyeje, nikaenda kumzuia mbali karibu na ukuta wa chini, akaweka daraja, zile kete mbili zenye vyumba viwili wazi katikati, ukiingia kimoja yeye anaingia kingine, huzikati. Akaweka daraja lingine. Nikambana mpaka tukaanza ngazi, yeye anatambaa mstari wa pili mimi namfuata mstari wa kwanza, kete kwa kete, huku naiona kabisa kete yake aliyoitupa mapema kule mbele inamsubiri. Akafika, akaungana nayo, kwisha habari. Sijafundishwa chochote pale, kashinda kwa sababu sava ilimchagua yeye aanze.

Na hilo bado ni dogo. Mechi iliyofuata nimeanza mimi, F6 vile vile kwa sababu siku hizi kila mtu ni F6, mechi zote zinafanana hadi zinatia usingizi. Nimebakiza daraja moja niguse ukuta, jamaa akaacha saa yake iishe. App ikaandika SARE. Sare!! Kwenye Hex!! Huu mchezo hata mjaze ubao wote mmefumba macho lazima mmoja awe ameunganisha, kwa sababu huwezi kumziba mwenzio kabisa bila wewe mwenyewe kuwa umeunganisha. Mwanahesabu David Gale mwaka 1979 alionyesha kwamba kukosekana kwa sare kwenye Hex na teoremu ya Brouwer ya nukta isiyohama ni kitu kile kile, hesabu za chuo kikuu hizo, halafu fundi wa app ananiletea neno sare na pointi tunagawana nusu nusu na mtu aliyekimbia.

Nimewaandikia wakanijibu nisome vigezo na masharti. Nimevisoma vyote, Hex haimo, inaonekana wamekopi kutoka kwenye app yao ya drafti!

Na asije mtu hapa kuniambia nihamie ubao mkubwa. Nash mwenyewe alipenda 14 kwa 14 sawa, lakini wa kwanza bado ana faida, makali yanapungua tu. Kubadili upande ndo kunamlazimisha mtu aanze na kete ya pembezoni, isiyo kali sana wala dhaifu sana, na wewe unakuna kichwa uichukue au uiache. Utamu wote wa mwanzo wa mechi uko hapo na ndo wameufuta.

Mwezi huu silipi. Mwenye kujua sehemu nyingine wanayocheza na kubadili upande na saa ikiisha unahesabiwa umefungwa, aweke hapa, iwe inafunguka kwenye simu ya kawaida, hata kama ni ya kulipia poa tu.